Taimauti: acheni kuandika programu zinazosubiri hadi kiama!

Jamani waandishi wa programu, leo sina maneno matamu. Nina jambo moja na nitalisema hapa mwanzoni ili mwenye haraka aondoke nalo: ukifungua soketi kwenye Python bila kuiwekea taimauti, umeandika programu iliyo tayari kusubiri hadi kiama. Na hicho kiama hakikukuti wewe uliyeketi ofisini Nairobi penye faiba. Kinamkuta mtu wa Kilungu.

Kwa wasomaji wasio mafundi, maelezo mafupi. Soketi ni mlango ambao programu hupitia ili izungumze na programu nyingine mtandaoni: unafungua mlango, unatuma maneno, unasubiri jibu. Taimauti ni kikomo cha kusubiri. Zikipita sekunde kadhaa bila jibu, programu inakata na kukwambia haijajibiwa, nawe unaamua la kufanya. Binadamu wote huishi hivyo. Hujawahi kuona mtu amepiga simu, ikapokewa, upande wa pili ukanyamaza kimya, naye akabaki ameibandika sikioni hadi Krismasi. Python hubaki. Tena si kwa bahati mbaya, ndivyo ilivyopangwa: usipogusa kitu, soketi mpya ya Python ina taimauti ya None, yaani haina kabisa.

Tazama mistari hii, ambayo kila aliyejifunza Python ameiandika kwa namna moja au nyingine:

    s = socket.socket()
    s.connect((seva, 9000))
    s.sendall(rekodi)
    jibu = s.recv(1024)

Inafanya kazi, sivyo? Ukiijaribu mezani inaleta jibu kabla hujapepesa jicho. Ubaya wake hauonekani mpaka mtandao ukatike baada ya mstari wa tatu, wakati wa nne umeshaanza kusubiri.

Hapo ndipo wengi huniambia, "Lakini TCP si itagundua yenyewe kwamba laini imekatika?" HAITAGUNDUA. TCP ni kazi iliyoanzia kwa Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, na mimi naiheshimu sana, ila lazima ujue inavyofikiri. Upande wa pili ukifunga kwa adabu, hutuma pakiti ya kuaga. Ukipotea ghafla bila kuaga, TCP hugundua pale inapotuma kitu na kukosa uthibitisho kwamba kimefika. Sasa programu iliyo kwenye recv haitumi chochote. Imekaa inasikiliza. Hakuna pakiti inayotoka, kwa hiyo hakuna uthibitisho unaokosekana, kwa hiyo hakuna habari mbaya. Kwa kompyuta yako, kimya cha seva iliyokufa na kimya cha seva inayofikiri ni kimya kile kile. Itasubiri saa moja, siku moja, mwaka mzima. Sitii chumvi, hakuna saa yoyote inayohesabu.

Kuna kitu kinaitwa keepalive, yaani kutuma kipakiti kidogo cha kuuliza "upo?" Lakini ni lazima uiwashe mwenyewe, na ukiiwasha kwenye Linux bila kugusa mipangilio mingine, swali la kwanza huulizwa baada ya sekunde 7200. Saa mbili! Lisipojibiwa linarudiwa, jumla mara tisa, kila mara baada ya sekunde 75. Kufikia hapo maziwa yameshaganda.

Na maziwa sijayataja kwa mzaha.

Vilima vya Kilungu, kwa msiovijua, viko Makueni, juu ya barabara kuu ya Mombasa. Ni kwenye baridi, kwenye ukungu wa asubuhi, na mashamba yamekatwa matuta kutoka kileleni mpaka chini bondeni. Kila bonde lina netiweki yake. Ukiwa Nunguni sokoni unaona 4G imesimama wima. Ukivuka ukingo na kushuka ng'ambo, inakuwa 3G, inakuwa 2G, inapotea, inarudi. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mawimbi ya redio hayapendi kupita ndani ya mlima.

Kituo kimoja cha kupokea maziwa huko, jina naliweka kapuni, kina kompyuta ndogo iliyounganishwa na mizani. Mkulima analeta maziwa, yanapimwa, na rekodi inatumwa kwa seva kupitia modemu ya laini ya simu. Programu iliandikwa na kampuni ya mjini, nayo naiacha bila jina. Niliitwa niitazame kwa sababu "imelala". Karani akaniambia, "Fundi, haijatoa kosa lolote. Taa inawaka, skrini inasema Inatuma, basi." Ilikuwa imesema Inatuma kwa siku tatu! Yule karani, Mungu ambariki, alikuwa akiandika kilo kwa kalamu kwenye daftari. Kulikuwa na mama mzee kwenye foleni akaniuliza, "Mwanangu, maziwa yangu ya Jumatatu yako wapi?" Nikamjibu, "Mwaitu, yako kwenye daftari." Hakuridhika, na alikuwa na haki yake, maana malipo ya mwisho wa mwezi hukokotolewa na seva. Seva haijui kusoma daftari.

Kilichotokea hakikuwa na uchawi. Modemu ilipoteza netiweki kwa dakika chache, ikarudi ikiwa na anwani nyingine. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na ukipotea na kurudi hivyo, njia uliyokuwa ukiitumia hufutwa. Seva ikatuma jibu kwenye njia isiyokuwepo, ikarudia mara kadhaa, ikakata tamaa na kuendelea na shughuli zake. Programu ya Kilungu haikuambiwa lolote. Ikakaa kwenye recv, na mtandao umesharudi! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ungetoa simu mfukoni pale pale ukatuma pesa, ingekwenda. Netiweki ilikuwepo siku zote tatu, na programu ilikuwa imeshikilia simu iliyokatika Jumatatu.

Walioiandika walipoulizwa, jibu lao lilikuwa fupi: "Huko kwenu netiweki ni mbaya."

Haya, tulishike hilo. Netiweki ni mbaya, sawa. Mwashi anayejenga nyumba Kilungu anajua kwamba kuna mvua za Novemba, na nyumba ikivuja haji kukwambia eti huko kwenu mvua ni mbaya. Kukatika kwa mtandao ni hali ya hewa ya kazi yetu. Na msidhani hali hiyo ni ya mlimani tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikosa stima. Siku kama hizo Nairobi yote huwa Kilungu, na programu zisizo na taimauti hulala usingizi mmoja, za mjini na za mashambani. Ningesema hata kwamba mtandao wa Kilungu ndio mtandao halisi, na ule wa ofisini kwako ni wa maabara.

Wa pili atasema, "Ikikwama, mtumiaji si atazima na kuwasha?" Sikiliza ndugu yangu. Unapokataa kuandika taimauti kwenye programu, taimauti haitoweki. Inahamia kwa mtu. Programu ile ya maziwa ilikuwa na taimauti: ilikuwa ni siku tatu, daftari moja, na nauli yangu. Karani ameajiriwa kupima maziwa, hakuajiriwa kuwa saa ya soketi yako. Tena kwa kuwa skrini ilisema Inatuma, angejuaje kwamba haitumi? Kosa linaloonekana ni heri mara mia kuliko uongo wa adabu.

Na hamuwezi kudai kwamba kifaa hakikuwepo. Funksheni ya settimeout imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003. Kwa urlopen, nafasi ya kutaja taimauti ilikuja na toleo la 2.6 mwaka 2008. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 2003 sasa ni waandishi wa programu, na bado wanasahau!

Sasa kuna kundi la tatu, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu limesikia habari hizi nusu. Wengine wanaweka sekunde 300 "ili tuwe salama". Wengine wanaweka sekunde 1 kwa sababu kwenye majaribio jibu lilikuja kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Wote wawili wanabahatisha, na hesabu yenyewe si ngumu. Unapoomba kuunganishwa, kompyuta hutuma pakiti ya kubisha hodi. Kwa kanuni ya RFC 6298 ya mwaka 2011, isipojibiwa hodi hiyo inarudiwa baada ya sekunde 1, kisha muda wa kusubiri unaongezeka maradufu: 2, kisha 4. Yaani hodi zinapigwa kwenye sekunde ya 0, ya 1, ya 3 na ya 7. Mwenye taimauti ya sekunde 1 amejipa hodi moja tu. Pakiti moja ikipotea kwenye 2G, ambako jibu lenyewe linaweza kuchukua sekunde nzima kurudi, amekosa. Mwenye sekunde 10 amejipa hodi nne na muda wa kutosha kwa ile ya mwisho kujibiwa. Hizo 10 sikuziota, zimetoka kwenye hesabu hiyo. Wasomaji wa maelezo ya maktaba ya requests watakumbuka ushauri wa kuweka kidogo zaidi ya kigawe cha 3, kwa mfano sekunde 3.05. Ushauri huo unatoka enzi ambazo marudio ya kwanza yalikuja baada ya sekunde 3. Linux ilishahamia kwenye sekunde 1 tangu 2011. Unakili ushauri, sawa, lakini ujue ulizaliwa lini.

Ukiiachia Linux yenyewe iamue, kwa miaka mingi mpangilio wake wa kawaida umekuwa kubisha hodi kwa takriban sekunde 127 kabla ya kukata tamaa. Zaidi ya dakika mbili, na foleni ya wakulima inaangalia.

Halafu muda wa kuunganishwa na muda wa kusubiri jibu ni vitu viwili tofauti. Seva inaweza kuwa inakokotoa ripoti ya mwezi, hiyo ipe sekunde 30 au hata 60. Kuunganishwa hakuna sababu ya kuchukua dakika. Kwa requests unaandika timeout=(10, 30) na mambo yamekwisha; kwa soketi tupu unaanza na create_connection ukiipa 10, kisha unabadilisha kwa settimeout.

Najua kuna mjanja atakayesema, "Mimi naandika socket.setdefaulttimeout(10) juu ya faili, nalala." Ni afadhali kuliko bure, siwezi kukataa. Lakini hiyo inabadilisha kila soketi mpya ya programu nzima, zikiwemo za maktaba ambazo hukuziandika wewe, na maktaba nyingine ilikuwa na sababu yake nzuri ya kusubiri. Ni sawa na kuzima stima ya mtaa mzima kwa sababu jikoni kwako kuna waya mbovu. Na bado haikukingi na hili linalofuata, ambalo hata mafundi wazoefu wanalikosa.

Taimauti ya soketi huhesabu kila recv peke yake. Haihesabu kazi nzima! Umeweka sekunde 10. Laini ni mbovu, inaleta baiti chache, sekunde tisa kimya, baiti chache tena, sekunde tisa kimya... Kila kipande kikifika, saa inaanza upya. Jibu la vipande mia moja linaweza kuchukua robo saa, na taimauti yako ya sekunde kumi isilie hata mara moja. Wenyewe wa Python walilirekebisha kwa sendall katika toleo la 3.5, ambako muda sasa ni wa kazi yote. Kwa kupokea, ni juu yako kuweka saa ya mwisho na kupunguza kinachobaki:

    mwisho = time.monotonic() + 30
    while not imekamilika(data):
        baki = mwisho - time.monotonic()
        if baki <= 0:
            raise TimeoutError
        s.settimeout(baki)
        kipande = s.recv(4096)
        if not kipande:
            raise ConnectionError
        data += kipande

Mbona time.monotonic na si time.time? Kwa sababu kompyuta ndogo nyingi za vituo kama vile hazina betri ya saa. Stima ikirudi saa inaamka ikiwa nyuma, kisha mtandao ukipatikana inaruka mbele siku nzima, na hesabu yako yote ya muda inakuwa vichekesho. Saa ya monotonic hairuki. (Anayeandika kwa asyncio ana raha zaidi: tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 kuna asyncio.timeout, unaifunika kazi yote, basi.)

Sasa nije kwenye hoja moja ya wapinzani ambayo naiheshimu. Wanasema taimauti ni hatari: programu inakata, inatuma tena, na mkulima anaandikiwa maziwa mara mbili. Ni kweli kabisa! Hatari hiyo ipo. Ila tuelewe inatoka wapi. Taimauti haisemi "imeshindikana". Inasema "sijui". Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, likafanyiwa kazi, na jibu ndilo lililopotea njiani. Huenda bado linashughulikiwa. Ukiiandika programu yako ichukulie "sijui" kuwa ni "hapana", umejitafutia.

Nchi hii inapaswa kulielewa jambo hili kuliko nchi yoyote, maana tumeishi na M-Pesa tangu Machi 2007. Ni nani hajawahi kutuma pesa, ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa, akashikwa na jasho: nitume tena au nisubiri? Mwenye busara huangalia salio kwanza. Wale waliounda Daraja, mlango wa M-Pesa kwa waandishi wa programu uliofunguliwa mwaka 2017, waliliweka wazo hilo ndani ya mfumo: unapoomba kumtumia mteja pesa, hutoi anwani moja ya kupokea matokeo. Unatoa mbili, ResultURL na QueueTimeOutURL, kwa kuwa muda kuisha ni habari ya aina yake. Na ipo njia ya kuuliza hali ya muamala. Kwa hiyo ukiwa umepata nambari ya ombi, uliza hali yake. Kama hukuipata, subiri taarifa ije kwenye seva yako kabla ya kumrushia mteja ombi jingine la PIN, la sivyo atalipa mara mbili, na atakuja kwako akiwa na majirani zake.

Kwa maziwa dawa ni nyepesi zaidi. Kila rekodi ipewe nambari yake ya pekee pale pale mizani inaposoma kilo, kabla hata ya kufikiria mtandao, na iandikwe kwenye diski. Kisha itumwe. Muda ukiisha, itumwe tena na nambari ile ile. Seva ikiona nambari inayoijua, inajibu "ninayo" bila kuongeza kilo. Hapo unaweza kurudia mara hamsini bila mtu kudhulumiwa. Ila msirudie kama wehu: subiri sekunde 2, kisha 4, kisha 8, na uchanganye bahati nasibu kidogo, maana mnara ukirudi hewani vituo vyote vya mlimani huamka kwa pamoja na kuivamia seva moja.

Nisiwaonee waandishi wa programu peke yao. Waunda vifaa nao wana lao. Requests, maktaba inayotumiwa na karibu kila mtu wa Python, haina taimauti usipoitaja, na hoja ya kubadilisha hilo imezunguka kwa miaka na miaka bila kufika. Wanahofia kuvunja programu za watu. Naelewa hofu hiyo, lakini programu zipi hizo zitakazovunjika? Ni zile ambazo tayari zimevunjika, ila bado hazijakutana na mlima. Httpx, ambayo ni changa zaidi, iliamua tangu mapema: sekunde 5 usiposema vingine. Kwa 2G sekunde 5 ni chache, utaziongeza, lakini angalau umelazimika kufikiri. Hapo ndipo ninapotaka tufike: kusubiri milele kuwe ni jambo ambalo mtu analiomba kwa kuliandika, timeout=None, kwa mkono wake, ili mwenzake akisoma amuulize kwa nini.

Wakati tunawasubiri (bila taimauti, hahaha), pylint tangu mwaka 2022 ina ukaguzi unaoitwa missing-timeout. Ruff nayo inao, namba yake S113. Vyote viwili vinakuonyesha kila mahali ulipoita requests bila kikomo. Soketi tupu hazivioni, hizo zitafute mwenyewe: kila recv, kila connect, kila accept. Na mkishamaliza kuziba hizo zote, jueni bado kuna tundu moja. Settimeout haigusi kutafuta jina la seva. Funksheni ya getaddrinfo inafuata mipangilio ya mfumo, ambayo kwenye Linux kwa kawaida ni sekunde 5 na majaribio mawili kwa kila seva ya majina, na kama jina lina anwani kadhaa, create_connection huipa kila anwani muda kamili, si muda wa kugawana. Nilipima moja ya hizi juzi, taimauti ya sekunde 10 ikachukua 40. Hiyo nitaiandikia peke yake.